Mkwaju Hakuzaliwa: Tamthilia, Ukweli na Watu wa Barabara Kuu

Mtaani kwetu Makambako, katikati ya miaka ya 1990, aliishi dereva wa malori tuliyemwita Mkwaju. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Lilitoka redioni, katika mchezo wa Twende na Wakati uliokuwa ukirushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam tangu mwaka 1993. Katika mchezo huo Mkwaju ni dereva wa lori mwenye mke nyumbani na wanawake wengine katika vituo vya njiani. Analewa, anaharibikiwa, na mwishowe anakufa kwa UKIMWI. Jirani yetu alikuwa dereva, alipenda bia, na alikuwa na sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Sifa hizo tatu zilitutosha.

Kisha jirani akaugua. Alikonda, akaacha kazi, akawa anaota jua mbele ya nyumba yake asubuhi za baridi. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini, kwa kuwa kila mtu alidhani anajua. Kisa chake tulikwisha kukisikiliza redioni. Mkewe alikuwa akiuza maandazi. Wateja wake walipungua mmoja mmoja, na sisi watoto tuliagizwa kununua kwingine. Baada ya miezi kadhaa yule bwana alipata nafuu, akarudi barabarani, akaendesha kwa miaka mingine mingi. Mkwaju wa redioni alikufa. Wetu yu hai hadi leo, analima mahindi na viazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwomba radhi.

Ninalikumbuka jambo hili kila mwaka ninapofika darasani kwenye mada ambayo wanafasihi wetu wengi huiita usasaleo. Wanafunzi hunakili kwa bidii kwamba katika zama hizi mpaka kati ya uhalisi na ubunifu umefutika, kwamba televisheni imeufuta, na kwamba tamthilia za leo huchezea ukweli kwa makusudi. Kisha mmoja huuliza swali ambalo kila mhadhiri hulitarajia: haya yanatuhusu nini sisi? Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo kwa historia ya Nyanda za Juu Kusini, na hasa ya Iringa na Mbeya.

Nadharia iliyotangulia televisheni yetu

Tuanze na tarehe. Jean-François Lyotard alichapisha kitabu chake kuhusu hali ya usasaleo mwaka 1979, akidai kwamba masimulizi makuu yaliyobeba imani ya jamii za kisasa, kama vile maendeleo na ukombozi, yamepoteza nguvu ya kuaminiwa. Mwaka 1981 Mfaransa mwenzake, Jean Baudrillard, akaenda mbali zaidi. Kwake, picha zimezidi kuwa nyingi kiasi kwamba haziwakilishi tena kitu chochote nje yake. Nakala imekuwa nakala ya nakala, na asili yenyewe haipo. Mwaka 1991 aliandika kwamba Vita vya Ghuba havikutokea. Alimaanisha kwamba kile ambacho watazamaji wa Ulaya na Marekani walikiona kwenye runinga zao kilikuwa onyesho lililopangwa, na onyesho hilo lilichukua nafasi ya vita vyenyewe.

Wakati hayo yakiandikwa, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya binafsi vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Hata hivyo mtaa wangu uliweza kumzika mtu kwa masimulizi ilhali bado anapumua, kwa msaada wa redio ya betri tu. Kama mpaka kati ya ukweli na ubunifu hufutwa na wingi wa picha, nani aliufuta Makambako?

Jibu langu ni kwamba mpaka huo ulifutwa kwa kazi ya makusudi ya taasisi, iliyoanza zamani za ukoloni na kuendelea baada ya Uhuru. Nia yake mara nyingi ilikuwa njema, na mara nyingine ilileta manufaa makubwa. Lakini kazi hiyo ilivunja agano moja la kale, na gharama yake walilipa watu ambao hawakuulizwa.

Agano la msimulizi

Msimulizi wa hadithi za Kiswahili haanzi kabla ya kupata ruhusa. Huita, nao wasikilizaji huitika. Na katika kuitika kwao huukaribisha uongo waziwazi, ili utamu upate kukolea. Wengi wetu tulijifunza kibwagizo hicho kabla ya kujua kusoma, na kwa sababu hiyo hatukioni kuwa cha ajabu. Lakini ni mkataba kamili. Msimulizi anakiri kwamba atasema yasiyotokea. Msikilizaji anakubali kuyapokea kwa muda wa hadithi. Hadithi ikiisha, kila mmoja hurudi kwenye dunia yake, na funzo akilipata ni lake kulipima.

Waandishi wetu bora wamelitunza agano hilo. Ebrahim Hussein alipoichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, aliweka utangulizi wa kumtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, hata kama ameegemea mtu wa kweli wa Vita vya Maji Maji, na kwamba asipimwe kwa mizani ya mwanahistoria. Miaka kumi baadaye M. M. Mulokozi alimpeleka Mkwawa jukwaani katika Mukwava wa Uhehe. Huko nako jina la mwandishi liko juu ya jalada, na msomaji anajua ni tamthilia. Ubunifu umechanganyika na historia, lakini mchanganyaji amejitaja.

Kwa hiyo kuchanganya ukweli na ubunifu ni desturi yetu ya siku nyingi. Jambo la kuchunguza ni lini na kwa nini mchanganyaji alianza kujificha.

Lori la sinema na muhogo mchungu

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa sinema za elimu kwa Waafrika, ukisimamiwa na taasisi za kimisionari kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Aliyeongoza upigaji picha alikuwa Meja L. A. Notcutt. Hadi ulipofungwa mwaka 1937, mradi ulikuwa umetengeneza filamu fupi 35 hivi: kuhusu kahawa, chai, safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, kodi na benki ya posta. Lori la maonyesho lilizizungusha Tanganyika na katika makoloni ya jirani, likiwa na jenereta, turubai na sahani za santuri zilizobeba sauti.

Waigizaji walikuwa watu wa kawaida na mandhari yalikuwa mashamba na vijiji halisi. Mtindo uliopendwa na watengenezaji sinema wa kikoloni wa wakati ule ulikuwa wa majirani wawili: mmoja mwerevu anayefuata ushauri wa bwana shamba au bwana afya, mwingine mpumbavu anayeukataa. Yule anayefukia fedha ardhini huibiwa. Yule anayeziweka posta hustawi. Mtazamaji aliona nyumba inayofanana na yake, jembe linalofanana na lake, na mtu anayefanana naye akiangamia kwa ujinga. Hakuna aliyeitisha hadithi, na hakuna aliyeitika. Msimulizi alikuwa serikali, naye alizungumza kana kwamba kamera imejikuta tu pale uovu ulipokuwa ukijitokeza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu tena, safari hii kwa filamu ndefu za Kiswahili zilizotengenezwa kwa kushirikiana na kampuni ya Afrika Kusini. Mojawapo ni Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayekumbana na hila za mjini. Mwigizaji wake mkuu alikuwa mtumishi kijana wa Idara ya Maendeleo ya Jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Januari 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alishika tena wadhifa wa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1972, na ni katika kipindi hicho Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya wakulima, wakiwemo wa Iringa na Mbeya.

Sisemi kwamba Kawawa aliitawala nchi kwa uigizaji. Alikuwa mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi na mtumishi wa umma kwa miongo mingi. Ninachotaka msomaji akione ni uzoefu ule mmoja katika nafasi mbili. Kwenye filamu, mkulima ni mtu wa kuelekezwa ili asipotee. Kwenye sera, mkulima aliendelea kuwa mtu wa kuelekezwa ili asipotee. Picha ilitangulia, amri ikafuata.

Onyesho la Kalenga

Iringa ina mfano mwingine, ambao hauna kamera wala lori la sinema lakini una vipengele vyote vya tamthilia. Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891, alijiua Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini.

Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, na akachagua moja kwa vipimo vilivyolinganishwa na vya watu wa ukoo wa Mkwawa, pamoja na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954, mbele ya umati mkubwa pale Kalenga, alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Liko Kalenga hadi leo.

Wanahistoria wameuliza mara nyingi kama fuvu lile ni la Mkwawa kweli. Swali ni halali, lakini kwa mada yetu linalofaa zaidi ni jingine: nani aliyekuwa na mamlaka ya kusema kwamba ni lake, na alikuwa akihitaji nini siku ile? Vita vya Mau Mau vilikuwa vikiendelea Kenya. Serikali ya kikoloni ilihitaji utii wa machifu na askari kutoka katika jamii zenye sifa ya ushujaa. Gavana aliyemrudisha shujaa wa Wahehe alijipatia nafasi ndani ya simulizi yao.

Hata hivyo Wahehe hawakuwa watazamaji tu. Walilipokea fuvu, wakalilia, wakaliweka mahali pa heshima, na kwa vitendo hivyo wakalifanya kuwa la Mkwawa kwa maana ambayo rula ya Bremen haiwezi kuithibitisha wala kuikanusha. Mwaka hadi mwaka ninapowapeleka wanafunzi Kalenga, humkuta angalau mmoja anayetoka mle ndani akiwa na machozi. Sijawahi kumwambia machozi yake hayana ushahidi. Ninamwambia ajue nani aliandaa onyesho, kisha alie akijua.

Mkwaju kama kazi ya kitaalamu

Baada ya Uhuru redio ilirithi kazi ya lori la sinema. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kuchimba vyoo. Hapa agano halikuvunjwa sana: kila mtu alijua ni kampeni, alijua ni ya serikali, na kundi lilikuwa na nafasi ya kubishana na redio. Mabadiliko yalikuja pale kampeni ilipovaa nguo za mchezo wa kuigiza.

Twende na Wakati ulianza mwaka 1993 kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, na shirika la PCI la New York. Muundo wake ulitoka kwa Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico aliyetengeneza tamthilia za televisheni za kuhamasisha uzazi wa mpango katika miaka ya 1970. Sabido alitaka wahusika wa aina tatu: mwema wa kuigwa, mwovu wa kuepukwa, na mmoja aliye katikati ambaye polepole anabadilika. Mkwaju alikuwa mwovu wa kuepukwa. Mkewe, Tunu, ndiye aliyekuwa katikati. Msomaji atawatambua majirani wawili wa mwaka 1935, sasa wakiwa wameongezewa mwenzao wa tatu na nadharia ya saikolojia.

Mchezo ulifanya kazi. Everett Rogers na watafiti wenzake waliupima na kuripoti kwamba wasikilizaji walipunguza idadi ya wapenzi, walitumia kondomu zaidi, na wengi zaidi walijiunga na uzazi wa mpango. Katika miaka ambayo vijiji vyetu vilikuwa vikizika kila wiki, hilo si jambo dogo, na yeyote anayeandika dhidi ya tamthilia za aina hii bila kulikiri hatendi haki.

Lakini ili kupima, ilihitajika sehemu ya kulinganisha. Sehemu hiyo ilikuwa eneo linalofikiwa na mtambo wa Dodoma. Kuanzia mwaka 1993 hadi 1995 mtambo huo ulirusha vipindi vingine saa ile ambayo nchi nzima ilimsikiliza Mkwaju. Watu wa Dodoma hawakunyimwa taarifa zote kuhusu UKIMWI. Walizipata kwa njia nyingine. Walinyimwa hadithi, kwa sababu watafiti walitaka kujua hadithi ina nguvu kiasi gani. Kwa miaka miwili raia wa nchi moja waligawanywa kati ya wenye tamthilia na wasio na tamthilia, na wengi wao hawakujua kwamba wamo ndani ya jaribio. Baudrillard alidai kwamba siku moja dunia itapangwa ili ilingane na mfano wake. Alikuwa akiizungumzia Marekani. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua uko kati ya Dodoma na Iringa, katika safari ya nusu siku kwa basi.

Runinga yafika milimani

Televisheni ilipoanza Bara, haikukuta uwanja mtupu. ITV ilileta michezo ya kundi la Mambo Hayo, kisha Kaole, na watazamaji wakaendelea kufanya walichozoea kwa redio: waliwaita waigizaji kwa majina ya wahusika. Mzee Jangala alikuwa Mzee Jangala hata sokoni. Mwigizaji wa mwovu alizomewa njiani. Mzee mmoja wa Kaole alijulikana kwa jina la Muhogo Mchungu, jina lilelile la filamu ya Kawawa.

Katika mikoa yetu runinga ilifika kwa wengi kupitia kibanda cha video na basi. Abiria wa Dar es Salaam kwenda Mbeya alipanda Mlima Kitonga akitazama filamu ya Bongo iliyowekwa na kondakta, na aliposhuka Uyole alikuwa ameshajua nani alimloga nani. Steven Kanumba, aliyetoka Kaole na kuwa nyota mkubwa kuliko wote wa filamu hizo, alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, maelfu walifurika Dar es Salaam kumzika. Filamu zake ziliendelea kuonyeshwa mabasini wiki ileile. Nilikuwa katika basi moja la namna hiyo. Mama aliyekaa nyuma yangu aliomba izimwe, kwa sababu katika filamu ile Kanumba alikuwa akicheka.

Wapo waliolitunza agano. Kundi la Ze Komedi liliigiza hotuba za viongozi na taarifa ya habari yenyewe, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba ni mzaha. Emmanuel Mgaya alipoketi kama Masanja Mkandamizaji akisoma habari zisizokuwepo, mtazamaji alijifunza jambo la kweli: kwamba taarifa ya habari nayo ni onyesho, lina meza, lina suti, lina mtu aliyeamua kipi kisomwe kwanza. Huo ndio usasaleo wa manufaa, na haukuhitaji nadharia ya Paris. Vivyo hivyo, wapiga kura wa Mbeya Mjini walipomchagua Joseph Mbilinyi mwaka 2010 walijua kwamba wanampeleka bungeni pia Sugu, msanii wa kufoka. Jina la jukwaani na la kwenye karatasi ya kura yalikuwa wazi yote mawili. Mwaka 2018, alipofungwa kwa maneno aliyoyasema jukwaani dhidi ya Rais, aliyeingia gerezani hakuwa mhusika wa kubuni.

Wapo pia waliolivunja kwa kudai kwamba hawatungi chochote. Maisha Plus, iliyoanza mwaka 2009, iliwaweka vijana katika kijiji kilichojengwa kwa ajili ya kamera, wakachota maji na kulima mbele ya nchi nzima ili mmoja ashinde fedha. Jasho lilikuwa la kweli, na njaa pia. Ila kijiji chenye mshindi mmoja si kijiji, na kijana wa Ludewa au Ileje anayetazama maisha ya mama yake yakigeuzwa mashindano ana haki ya kujiuliza kipi kimeigizwa.

Kisha, Desemba 2012, ikaja Siri ya Mtungi. Ilitengenezwa na MFDI Tanzania kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kwa fedha za serikali ya Marekani za kupambana na VVU. Kwa ufundi wa picha, uigizaji na Kiswahili chake, ilizidi karibu kila kitu kilichowahi kuonyeshwa kwetu. Mhusika wake mkuu, Cheche, ni mpiga picha mwenye studio Bagamoyo: mtu anayeishi kwa kuwapangia watu sura wanazotaka kuonekana nazo. Anakosea, anajuta, anakosea tena, na mtazamaji humpenda hivyohivyo. Huyu hakuwa mpumbavu wa sinema za kikoloni.

Lakini tuitazame ramani. Cheche aliishi pwani, kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa asilimia 5.1 nchini kote, na asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya. Tamthilia bora kuhusu janga hili ilichezwa mbali na mahali lilipouma zaidi. Tarehe 30 Aprili 2013, miezi michache baada ya kuanza kwake, mitambo ya analojia ya Mbeya ilizimwa, na asiyekuwa na king'amuzi akabaki na skrini yenye chenga.

Waliobaki nje ya kisa

Turudi kwa dereva. Alistahili kuwemo katika tamthilia, hilo silibishi. Barabara ya TANZAM, iliyojengwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilipitisha mali na watu, na virusi vilisafiri nao kutoka Ilula hadi Tunduma. Watafiti waliowapima wahudumu wa baa mkoani Mbeya mnamo mwaka 2000 walikuta zaidi ya nusu yao wana maambukizi. Tatizo la Mkwaju ni kwamba alitosha kupita kiasi. Akishakuwepo, hakuna aliyeuliza zaidi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 uliikuta Mbeya na asilimia 13.5 na Iringa 13.4, karibu mara mbili ya wastani wa nchi wa asilimia 7.0. Mkwaju alikuwa ameshasikika kwa miaka kumi. Katika kisa chake hakukuwa na mashamba ya chai ya Mufindi wala kambi za wapasua mbao za Sao Hill, ambako wanaume huishi miezi mingi mbali na wake zao. Hakukuwa na historia ya vijana wa Rungwe waliochukuliwa na WENELA kwenda migodi ya Afrika Kusini, wala ya Wabena na Wahehe waliokwenda kukata mkonge Tanga, historia iliyozifanya familia zetu zizoee kuishi mbalimbali muda mrefu kabla ya lori la kwanza. Hakukuwa na msichana wa Iringa anayepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani akiwa na miaka kumi na mitatu, ambaye kila mtumishi wa serikali anamjua kwa sababu huenda yuko nyumbani kwake. Hakukuwa na tohara, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kuwa kinga mwaka 2007 na ambayo ilikuwa haijaenea katika jamii zetu. Kampeni yake ilipokuja Iringa na Njombe, maelfu ya wanaume walijipanga foleni zahanati.

Kazi, mishahara, nyumba za kambi na huduma ya afya ni mambo ya serikali na waajiri. Tabia ni jambo la mtu binafsi. Tamthilia ilichagua tabia, kwa kuwa tabia inaigizika kwa dakika thelathini na haimkasirishi mwenye shamba wala waziri. Hivyo ndivyo ubunifu unavyoweza kuwa na ukweli katika kila sentensi na bado ukawa uongo kwa jumla. Na ndivyo mtaa wangu ulivyopata ruhusa ya kumhukumu dereva mmoja na kuacha kununua maandazi ya mkewe.

Tuwaitishe wasimulizi

Siwaombi wanafunzi waache kutazama tamthilia, wala siwashauri wanaharakati waache kuzitumia. Ninaomba agano lirudishwe. Afisa wa serikali anayepelekewa andiko la mradi wa tamthilia aulize mambo manne kabla ya kutia saini. Nani analipa? Nani ameandikwa kuwa mwovu, na watu wa kazi yake au kabila lake waliulizwa? Sababu gani zimeachwa nje kwa kuwa ni ghali kuzitatua? Je, kuna watu watakaonyimwa kitu ili hadithi ipimwe, nao wanajua? Mwanaharakati ayaulize hayohayo kuhusu video ya dakika moja inayomliza kila mtu kwenye simu. Na mtayarishaji aseme mwanzoni, kwa sauti na bila aibu, kile ambacho bibi zetu walikisema jioni kando ya moto: kwamba hii ni hadithi, na mimi ndiye ninayeisimulia.

Mwaka jana nilipita Makambako, nikamkuta jirani yetu wa zamani akipanga magunia. Tulizungumza habari za bei ya mbolea. Alikumbuka jina tulilompa, akalitaja mwenyewe, akacheka. Kisha akaniuliza kama nafahamu kwamba yule Mkwaju wa redioni alikuwa mtu wa kutungwa tu. Nilimjibu kwamba nafahamu. Akasema, "Basi wewe umesoma. Wengine mpaka leo hawajui." Mkewe alikuwa ndani na hakutoka kunisalimu.